Lami Iliyochanganywa na Salfa: Nyuzi Kumi Zinazotenganisha Nafuu na Sumu

Mfanyakazi wa barabara anafika zahanati jioni. Macho yake ni mekundu na yanatiririsha machozi, kichwa kinamuuma, kichefuchefu kimemshika tangu saa nane mchana, na anaeleza kwamba asubuhi kulikuwa na harufu kali ya mayai yaliyooza kazini, ila baadaye “ikaisha”. Mganga anayemsikiliza anaweza kumpima malaria, akakuta hana, akaandika uchovu wa jua na kumpa dawa ya maumivu. Mgonjwa huyu ni wa mfano, ametungwa kwa ajili ya somo hili. Dalili zake hazikutungwa, na neno moja katika maelezo yake linapaswa kumshtua kila mhudumu wa afya. Huenda harufu ile haikuisha hata kidogo; kilichokoma ni uwezo wa pua yake kuinusa.

Makala haya yanahusu aina ya lami inayotengenezwa kwa joto dogo kuliko lami ya kawaida, kwa kuondoa sehemu ya bitumeni na kuweka salfa mahali pake. Wahandisi wanaisifu, na sifa nyingi ni za haki. Lakini nafuu anayoipata mfanyakazi kutokana na joto hilo dogo inashikiliwa na uzi mwembamba. Katika nyuzi joto 140 za Selsiasi mchanganyiko huu unaweza kumtunza kuliko lami aliyoizoea. Ukipita nyuzi 150, unaanza kutoa kwa wingi gesi inayoweza kuua mtu kwa pumzi chache.

Kwanza maneno yanyooshwe. Katika mazungumzo ya kila siku “lami” hubeba vitu viwili: kile kinata cheusi kinachotoka katika kusafisha mafuta ghafi, na pia mchanganyiko wa kinata hicho na kokoto unaotandazwa barabarani. Hapa kinata kitaitwa bitumeni, na mchanganyiko uliokamilika utaitwa lami. Salfa haihitaji utambulisho mrefu. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaipulizia mikorosho kila msimu kupambana na ubwiriunga, na wazee waliiita kiberiti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Ni unga au punje za manjano, ambazo zikiwa baridi huwasha macho na koo na si zaidi ya hapo kwa watu wengi. Ubaya wake huamshwa na moto.

Salfa inatoka wapi, na kwa nini iingie barabarani

Mafuta ghafi na gesi asilia hutoka ardhini vikiwa na salfa. Dizeli yenye salfa nyingi ikiungua hutoa moshi unaoumiza mapafu, na kwa sababu hiyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Mwaka 2020 meli nazo zikabanwa: kiwango cha juu cha salfa katika mafuta yao kilishushwa duniani kote kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Salfa inayoondolewa haiyeyuki hewani. Viwanda huigeuza kuwa salfa tupu kwa njia iliyobuniwa na mkemia Carl Friedrich Claus mwaka 1883, na hivyo salfa nyingi inayouzwa leo duniani haichimbwi tena. Ni masalia ya kusafisha nishati.

Masalia hayo yana milima yake. Huko Alberta, Kanada, salfa iliyotokana na gesi chachu na mchanga wenye mafuta imelundikwa kwa miaka mingi katika matofali makubwa ya manjano. Katika Abu Dhabi, treni za mizigo hubeba salfa ya punje kutoka mitambo ya gesi ya Shah na Habshan hadi bandari ya Ruwais. Sehemu ya salfa inayouzwa duniani hupita Dar es Salaam na kupanda malori kuelekea migodi ya shaba na kobalti ya Kongo na Zambia, ambako hutengenezewa asidi ya kuyeyushia madini. Mtu akiwa na bidhaa nyingi namna hii, atatafuta kila tundu la kuiingiza. Barabara ni tundu kubwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1938 Bencowitz na Boe walichapisha nchini Marekani utafiti kuhusu namna salfa inavyobadili tabia za bitumeni. Halikushika kasi hadi miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei na bitumeni ikapanda nayo. Kanada na Marekani zikajenga vipande vingi vya majaribio. Kimojawapo kilitandazwa mwaka 1977 kwenye barabara kuu namba 77, Kaunti ya Kenedy, jimboni Texas, mahali penye mchanga mwingi na kokoto haba. Baadaye Mamlaka ya Barabara Kuu ya Marekani ililinganisha barabara hizo na zile za kawaida, na kwa jumla haikuona tofauti kubwa ya uimara. Kufikia wakati huo salfa ilikuwa imepanda bei, mafuta yameshuka, na hamu ikapoa. Mbinu ilirudi katika karne hii kwa sura nyingine: badala ya kumimina salfa iliyoyeyushwa, ambayo hutoa mvuke tangu inapofunguliwa, watengenezaji walianza kuuza punje ngumu zinazoingizwa moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia, zikifuatana na nta maalumu inayowezesha lami kushindiliwa ikiwa na joto dogo.

Kinachotokea ndani ya chungu

Lami ya kawaida huchanganywa ikiwa na nyuzi 150 hadi 180. Chini ya hapo bitumeni ni nzito mno, haizungukii kokoto sawasawa. Salfa huyeyuka mapema zaidi, kati ya nyuzi 115 na 119 hivi, na ikiyeyuka inakuwa nyepesi kama mafuta ya kupikia. Ikiingia kwenye bitumeni, inaulegeza mchanganyiko mzima, na hapo kazi inaweza kufanyika kwa nyuzi 130 hadi 145. Sehemu ya salfa huyeyukia ndani ya bitumeni. Iliyobaki hutawanyika kama matone madogo, na barabara inapopoa matone hayo huganda kuwa fuwele zinazoikaza lami. Ukakamavu huo huongezeka kwa muda wa wiki mbili hivi baada ya kutandaza. Kwa nchi ya joto, ambako magurudumu ya malori huchimba mifereji kwenye lami laini, hilo si jambo dogo. Salfa inaweza kuchukua nafasi ya asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa kinata, ingawa mhandisi hawezi kubadilishana kilo kwa kilo, kwa kuwa salfa ina uzito wa karibu mara mbili ya bitumeni kwa ujazo uleule.

Mfanyakazi naye anapata kitu. Moshi wa bitumeni huongezeka haraka kadiri joto linavyopanda, na moshi huo si wa kupuuzwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika tathmini yake ya mwaka 2011, liliweka kazi ya kutandaza lami ya barabara kwenye kundi la mambo yanayoweza kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu, na kazi ya kuezeka mapaa kwa bitumeni iliyopulizwa hewa kwenye kundi la juu zaidi, la mambo ambayo yaelekea kusababisha saratani. Kushusha joto kwa nyuzi 20 au 30 kunapunguza moshi, kunapunguza kuni au dizeli ya kuchemshia, na kunapunguza ukali wa ajali za kuungua. Ikumbukwe kwamba salfa si njia pekee ya kufika huko. Tangu miaka ya 1990 Ulaya imekuwa ikishusha joto la lami kwa kutumia nta, madini yanayotoa mvuke wa maji, au bitumeni iliyofanywa povu. Njia hizo hazina gesi itakayoelezwa sasa, na mtu anayechagua salfa kwa sababu ya afya ya wafanyakazi peke yake amechagua njia ndefu.

Salfa ina tabia ya kunyang'anya. Ikikaa pamoja na bitumeni kwenye joto la kutosha, huvuta haidrojeni kutoka kwenye minyororo ya kaboni iliyomo na kutengeneza gesi ya haidrojeni salfaidi. Kwenye nyuzi 140 mwendo huo ni wa polepole sana. Kuanzia nyuzi 150 unaharakishwa, na kila nyuzi chache zinazoongezeka huzidisha gesi. Joto likizidi, sehemu ya salfa na ya gesi hiyo huungana na oksijeni ya hewa na kutoa gesi ya pili, salfa dayoksaidi, ileile inayomkaba mtu koo njiti ya kiberiti inapowashwa karibu na uso wake. Cha kushangaza, hata mhandisi asiyejali afya hana sababu ya kupita hapo, maana kwenye nyuzi 159 salfa hugeuka tabia: chembe zake zilizokuwa katika umbo la pete hukatika na kuungana kuwa minyororo mirefu, na kitu kilichokuwa chepesi kinakuwa kizito ghafla.

Basi kwa nini joto lizidi? Kwa sababu za kawaida kabisa za eneo la ujenzi. Kokoto zilinyeshewa usiku, na mwendesha mtambo akaongeza moto ili zikauke. Kipimajoto cha mtambo hakijakaguliwa tangu mradi uanze. Malori yamechelewa kwenye foleni, na fundi amezoea tangu ujana wake kwamba lami iliyopoa hutibiwa kwa moto. Mazoea ya miaka 20 ya lami ya kawaida yanakuwa hatari siku ya kwanza ya lami ya salfa, na mtu aliyefundishwa vizuri kazi ya zamani ndiye wa kwanza kukosea katika kazi mpya.

Gesi inayoiba pua

Haidrojeni salfaidi haina rangi na ni nzito kidogo kuliko hewa, hivyo hujikusanya kwenye mashimo, chini ya mitambo na ndani ya vyombo vilivyofunikwa. Pua huitambua mapema mno, ikiwa chini hata ya sehemu moja kwa milioni ya hewa, na hapo ndipo ulaghai wake unapoanza. Mtu anayeinusa kwa muda huizoea. Gesi ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, neva ya kunusa hupooza ndani ya dakika chache. Harufu inatoweka. Mfanyakazi anashukuru kwamba hewa imesafika, na huenda katika dakika hiyohiyo gesi inazidi.

Viwango vichache vinafaa kukaririwa. Jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa afya kazini, ACGIH, inapendekeza wastani usiozidi sehemu 1 kwa milioni kwa siku ya kazi, na sehemu 5 kwa dakika 15. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, imeweka sehemu 10 kuwa kikomo kisichopitwa katika dakika 10, na sehemu 100 kuwa kiwango cha hatari ya papo kwa papo. Kati ya 50 na 100, saa moja inatosha kuwasha macho na njia ya hewa. Kati ya 500 na 700 mtu hupepesuka na kuanguka ndani ya dakika tano. Kuanzia 700 hadi 1,000, pumzi moja au mbili zinaweza kumlaza chini pasipo hata kupiga kelele.

Ndani ya mwili gesi hii hufanya kama sianidi. Kila seli ina vijumba vya kutengenezea nguvu, mitokondria, na hatua ya mwisho ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kinachopokea oksijeni. Haidrojeni salfaidi hukishika kimeng'enya hicho na kukizuia. Oksijeni imo kwenye damu, damu imefika kwenye ubongo na moyo, lakini seli haziwezi kuitumia. Hapa pana mtego kwa wahudumu: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia nzuri kwa mgonjwa ambaye ubongo wake unakosa nguvu. Namba nzuri isimpe mtu usingizi. Aidha gesi hiyo huunguza utando laini wa macho na mapafu, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana amepona.

Salfa dayoksaidi ni adui mwaminifu zaidi, kwa kuwa inauma mara moja na humfukuza mtu mwenyewe. Isipokuwa mwenye pumu. Huyo anaweza kubanwa kifua kwa kiwango cha chini ya sehemu moja kwa milioni akiwa anafanya kazi nzito, na kazi ya kusawazisha lami kwa reki ni nzito.

Ni vema kusema waziwazi kwamba barabara nyingi za Afrika Mashariki hujengwa kwa lami ya kawaida, isiyoongezwa salfa. Hilo halimwondoi msomaji kwenye somo. Bitumeni yenyewe ina salfa ya asili, na ikihifadhiwa ikiwa ya moto kwenye tenki lililofungwa, haidrojeni salfaidi hujikusanya katika nafasi iliyo juu yake. Utingo anayepanda juu ya boza la bitumeni, akafungua mfuniko na kuinama achungulie kiasi kilichobaki, ameweka uso wake mahali pabaya kuliko pote kwenye mradi. Tena wapo Waswahili katika vikosi vya ujenzi vya Ghuba, ambako salfa ni tele na barabara zinahitaji lami isiyolainika kwa jua. Hao hurudi likizo na vikohozi vyao, na wanaowapima ni waganga wa huku.

Kwenye eneo la kazi

Jambo la kwanza ni kipimajoto, na kisiwe kimoja. Joto lipimwe kwenye mtambo wa kuchanganyia, lipimwe tena lori linapofika, na liandikwe. Kifaa cha kupima kwa mwanga husoma ngozi ya juu tu, ambayo imeshapoa kwa upepo. Ndani ya rundo lami inaweza kuwa na nyuzi nyingi zaidi. Kipimajoto cha kuchomeka ndicho cha kuaminiwa. Lori likifika na lami iliyozidi nyuzi 150, turubai lisifunuliwe na vibarua wakiwa wamelizunguka. Wasogezwe upande upepo unakotoka, na lami iachwe ipoe mahali pa wazi. Msimamizi atalalamika kuhusu muda. Na alalamike.

La pili ni kipima gesi kidogo kinachobanwa kwenye kola, chenye kengele. Wanaokihitaji kwanza ni mwendesha mtambo, anayesimama mdomoni mwa kimwagio wakati lori linapakiwa, wafanyakazi walio nyuma ya mashine ya kutandazia, na yeyote anayepanda juu ya tenki. Pua haiwezi kufanya kazi hiyo kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Wala barakoa ya kitambaa, wala ile ya hospitali, wala ile nzuri ya vumbi. Gesi hupita zote kama maji kwenye chujio. Ndani ya tenki au shimo lenye gesi hii anaingia mtu mwenye mtungi wake wa hewa mgongoni na mwenzake nje ameshika kamba, vinginevyo haingii mtu.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linapingana na utu. Kibarua akimwona mwenzake ameanguka ndani ya tenki, miguu yake inamwendea yenyewe. Kumbukumbu za ajali za gesi hii katika nchi mbalimbali zinarudia hadithi ileile: aliyeanguka kwanza, kisha aliyeruka kumwokoa, kisha aliyemfuata huyo. Mafunzo ya asubuhi kabla ya kazi yanapaswa kulitamka jambo hili kwa maneno mazito, hata mbele ya ndugu wa familia moja walioajiriwa pamoja.

Kwenye zahanati na hospitali

Aliyevuta gesi ahamishiwe kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizolowa gesi, na apewe oksijeni nyingi kadiri kituo kinavyoweza, bila kungoja majibu ya kipimo chochote. Aliyezimia asaidiwe kupumua kwa mfuko wa hewa na barakoa yake. Kupuliza kwa mdomo kunaweza kumdhuru mwokoaji. Macho yaoshwe kwa maji mengi safi. Dawa ya nitriti, ambayo hutumika kwa sumu ya sianidi, imependekezwa kwa sumu hii pia, lakini manufaa yake yanabishaniwa na wakati wake ni dakika za mwanzo tu. Mgonjwa asicheleweshwe rufaa kwa sababu ya kuitafuta. Aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja alazwe na kuangaliwa usiku mzima, kwa ajili ya yale maji ya mapafuni. Kuna dalili moja ambayo wanafunzi wa tiba huifurahia: sarafu za shaba au fedha mfukoni mwa mgonjwa, au pete kidoleni, zinaweza kuwa zimegeuka nyeusi. Ikionekana, inasema mengi.

Aliyeunguzwa na lami yenyewe apozwe kwa maji baridi ya kawaida kwa dakika 20 au zaidi, lami ikiwa bado imeganda mwilini. Isibanduliwe kwa nguvu, maana itaondoka na ngozi, na isisuguliwe kwa petroli. Ikizunguka kidole au mkono mzima ikatwe ufa kwa urefu, kwa sababu inapopoa hubana kama kamba. Baadaye vaselini au mafuta ya kula huilainisha pole pole katika saa kadhaa zinazofuata.

Lakini wengi hawatafika wakiwa wamezimia. Watafika kama yule wa mwanzo wa makala haya, na macho mekundu na kichwa kizito, na kila kitu kitategemea maswali. “Pole na kazi, kaka. Leo mlikuwa mnachanganya nini? Kuna mwenzako mwingine anayelalamika macho? Harufu ilikuwaje asubuhi, na ilikuwaje mchana?” Dakika tatu zinatosha. Wagonjwa wawili wa kikosi kimoja wenye malalamiko yaleyale siku moja ni taarifa, na taarifa hiyo inapaswa kwenda kwa mwajiri na kwa mkaguzi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinamtwika mwajiri wajibu huo. Upande wa fidia, daftari la zahanati ndilo shahidi. Mgonjwa aliyeandikiwa “uchovu” hana cha kuonyesha.

Barabara inapochimbuliwa

Limebaki jambo moja ambalo huzungumzwa kwa nadra. Lami hutumika tena. Baada ya miaka 15 au 20 barabara huchunwa, na vipande vyake hurudishwa kwenye mtambo kuchanganywa na kokoto mpya. Ili kuviyeyusha, kokoto hizo huchemshwa kupita kiasi, mara nyingine zaidi ya nyuzi 200, kisha vipande baridi humiminwa juu yake. Iwapo vina salfa, joto hilo limeshavuka mpaka kwa mbali, na mwendesha mtambo wa siku hiyo, aliyekuwa mtoto wa shule barabara ilipojengwa, hana namna ya kujua kwa kutazama: lami ya salfa iliyokomaa ni nyeusi kama nyingine yoyote.

Kwa hiyo kumbukumbu za ujenzi zinakuwa waraka wa afya. Kipande kilichowekwa salfa kiandikwe kilianzia kilometa ipi na kikaishia ipi, kwa asilimia ngapi ya kinata, mwaka gani, na nakala ikae mahali ambapo mkandarasi wa kuchuna atalazimika kupita kabla hajapewa kibali. Pale ambapo kumbukumbu hazipo, kipande kidogo cha lami ya zamani kinaweza kupashwa moto kwenye maabara, chini ya kivuta hewa, na karatasi iliyolowekwa asetati ya risasi kuwekwa mdomoni mwa chupa. Gesi ikiwepo, karatasi hiyo nyeupe hugeuka kahawia na kisha nyeusi.